Je, wajua kwa nini mafuta ya midomo ya kopo la bati ni laini kuliko ya mrija wa karatasi?

Hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, mwezi wa Januari upepo mkavu hauchagui mdomo wa mtoto wala wa mzee. Vijana wa boda boda hujifunga kitambaa usoni, na dukani kile kijiti cha plastiki cha kuzungusha kinatoka kila dakika. Mimi pia nilikuwa nanunua. Siku moja kimoja kilipokwisha, nikakipasua kwa kisu nione ndani kuna nini. Nilikuta kifuniko, mrija, kikombe kidogo kinachobeba mafuta, msumari wa skurubu katikati na gurudumu la kuzungushia. Vipande vitano vya plastiki kwa mafuta ya gramu nne hivi! Na chini ya kikombe bado yalibaki mafuta ambayo kidole hakifiki.

Plastiki hiyo inakwenda wapi? Wanaookota chupa za maji huziuza kwa kilo, kwa hiyo kijiti chepesi namna ile hakuna anayeinama kukiokota. Hata katika nchi zenye mitambo ya kuchambua taka, vitu vidogo hupenya kwenye vichujio na kuishia jalalani. Kwetu hukichoma nyuma ya nyumba, moshi ukawaingia watoto, au mvua hukisukuma mtaroni. Uganda ilipitisha sheria ya kupiga marufuku kaveera nyembamba, yaani mifuko ya plastiki, mwaka 2009, na kaveera bado tunaziona kila siku. Basi kwa kitu kidogo kama hiki, ambacho hakuna askari atakayekiulizia, uamuzi uko mkononi mwa mnunuzi: plastiki, mrija wa karatasi au kopo la bati.

Mafuta ya midomo hayakuanza na plastiki. Katika miaka ya 1880, Charles Browne Fleet wa Lynchburg, Virginia, nchini Marekani, alitengeneza kijiti kilichofanana na mshumaa mdogo, kikafungwa kwa karatasi ya madini. Mwaka 1912 aliuza haki zake kwa rafiki yake John Morton kwa dola 5 tu. Inasimuliwa kwamba mke wa Morton aliyayeyusha mafuta hayo jikoni kwake na kuyamimina kwenye mirija ya shaba ili yagande.

Sasa turudi kwenye swali. Ngozi ya mdomo ni nyembamba sana na karibu haina tezi za mafuta, ndiyo maana hukauka kabla ya shavu. Ukiulamba, mate yanakauka na kuondoka na unyevu uliokuwapo. Kinachosaidia ni utando unaozuia maji kutoka, na utando huo hutokana na mafuta yakichanganywa na nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Ikiwa nyingi, mchanganyiko unakuwa mgumu, ikipungua, unalainika.

Mrija wa karatasi hauna skurubu. Unasukuma kitako chake kwa kidole na mafuta yanapanda juu, kwa hiyo lazima yasimame yenyewe kama mshumaa. Yakilainika yatabonyea, tena yatalowesha karatasi. Mtengenezaji hana budi kuongeza nta. Kopo la bati halidai hivyo, kwa sababu unachota kwa kidole, na yakiyeyuka kwenye joto hubaki humo humo na kuganda tena jioni.

Hapo ndipo mafuta yetu wenyewe yanapoingia. Mshea, mti wenye mbegu za mafuta, wa Uganda kaskazini na West Nile ni wa aina inayoitwa nilotica, na mafuta yake, ambayo Waacholi na Walango huyaita moo yaa, ni laini kuliko ya shea ya Afrika Magharibi. Weka kiasi cha punje ya mahindi kiganjani, subiri kidogo, utaona yamekuwa majimaji. Ukiyatia kwenye mrija wa karatasi bila nta ya kutosha, ukauacha juu ya pikipiki saa saba mchana, utakuta karatasi imelowa. Kwa joto letu mimi nachagua kopo, tena bila kusita. Mrija wa karatasi unamfaa anayeshinda kivulini, au asiyependa kutia kidole mdomoni akiwa safarini.

Ukiwa dukani, fungua kwanza. Kuna karatasi zilizopakwa plastiki kwa ndani. Chana kipande cha mrija uliokwisha, na ukiona utando unavutika, hiyo haikuwa karatasi tupu. Kuna vifuniko vya bati vyenye sponji ya plastiki, na makopo yaliyozungushiwa nailoni. Plastiki inayotangazwa kuwa ya mimea nayo ina shida, kwani nyingi huhitaji joto la kiwanda maalumu ndipo ioze, na shimo la taka la nyumbani haliwezi kazi hiyo. Na kama mafuta yanawasha kwa mentoli au kafuri, yaache hata yakiwa kwenye kopo zuri namna gani, maana midomo iliyopasuka huzidi kuumia.

Njia ninayoipenda zaidi ni kwenda sokoni na kopo langu. Mama anayeuza shea alizoea kunipimia kwenye kaveera. Nilipompa kikopo cha bati alicheka, akakijaza kwa kijiko, na sasa akiniona tu ananyoosha mkono akitaka kikopo. Nyumbani nachanganya vijiko vinne vya shea na kijiko kimoja cha nta iliyokwanguliwa, ndani ya bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji moto. Usiweke nta moja kwa moja juu ya jiko, inaweza kushika moto. Kopo liwe limekauka kabisa kabla ya kumimina, na shea yenye harufu ya kuchacha usiinunue.