Kitambulisho cha matibabu cha mzee huanzia kwa mtendaji

Kila Desemba, watoto wanaporudi vihambani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, malalamiko huongezeka ofisini kwetu hapa Moshi. "Baba ana miaka 74, zahanati wanamtoza. Si mlisema wazee bure?"

Tulichosema, na tunakirudia, ni kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na msamaha wa gharama za matibabu ni wa mzee asiyejiweza. Umri peke yake hautoshi.

Kitambulisho cha msamaha huo hakianzii dirisha la hospitali. Mzee au ndugu yake aende kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Hapo jina hujadiliwa na wanaomfahamu, kwa sababu jirani ndiye anayejua nani bado anavuna kahawa na nani analala bila kula. Orodha hupanda kata, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ndipo mzee apigwe picha. Hakuna njia ya mkato, na kitambulisho hakiuzwi. Ukiombwa fedha, toa taarifa.

Wazee wengi wa Uru na Kibosho hawana cheti cha kuzaliwa cha kuthibitisha umri. Wengine wamebaki na cheti cha ubatizo tu. Wapo ambao jembe limewasugua vidole hadi mashine ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, haisomi alama. Inauma kumwona bibi wa namna hiyo akirudi nyumbani mikono mitupu. Mleteni, tumsikilize. Ila msimwongezee mtu miaka: kughushi nyaraka ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba.

Wanaouliza pensheni ya wazee ya Zanzibar: ile ilianza 2016, kwa wenye miaka 70 na zaidi, na ni ya Zanzibar. Bara hatuna. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inaangalia umaskini wa kaya, haiangalii mvi.

Mwenye kitambulisho aanzie zahanati au kituo cha afya. Hospitali za Mawenzi na KCMC aende kwa rufaa. Kwenye foleni apishwe, ahudumiwe kwanza. Akiambiwa dawa hakuna akanunue nje, tuleteeni karatasi aliyoandikiwa, yenye tarehe na jina la kituo. Lalamiko la mdomo hatuwezi kulifikisha kwa mganga mkuu likashughulikiwa.