Je, wajua kwa nini bili ya umeme hugoma kushuka hata baada ya kufunga hita ya sola?

Paneli ziko juu ya paa, fundi ameshalipwa, na maji ya moto yanatoka kila ukifungua koki. Mwezi unaisha, tokeni zinakwenda kwa kasi ileile ya zamani. Hapo ndipo watu husema sola ni uongo. Mara nyingi jua halina kosa lolote: linaletewa maji ambayo umeme umekwisha kuyapasha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji takriban wati-saa 1.16. Chukua tangi la lita 150, maji yanaingia yakiwa na nyuzi 18 na unayataka yafike 60. Hizo ni nyuzi 42 za kupanda, sawa na karibu uniti 7.3 kwa tangi zima (uniti 1 ni wati-saa 1,000). Hizo ndizo uniti ulizotaka jua likulipie.

Matangi mengi ya sola yana koili ya umeme ndani, ya akiba kwa siku za mawingu kama zile za Nairobi mwezi Julai. Fundi huiunganisha, huiacha imewashwa, na kuanzia hapo themostati, swichi inayofuata joto la maji, ndiyo inayoamua. Sasa fuata usiku mmoja. Familia inaoga saa 2. Maji ya moto yanachotwa juu ya tangi, ya baridi yanaingia chini, themostati inahisi baridi na koili inaanza kazi. Kufikia alfajiri tangi zima liko nyuzi 60. Jua likichomoza halina baridi ya kuondoa. Maji ya paneli hupanda tangini kwa sababu tu ni mepesi kuliko ya chini ya tangi. Yote yakiwa moto, mzunguko unasimama hadi paneli ipite nyuzi 60, na paneli yenye joto hilo inamwaga nguvu nyingi hewani. Mita imesoma uniti zake usiku, mchana jua limepotea bure.

Dawa ni taima, swichi inayowasha na kuzima kwa saa ulizopanga. Koili iruhusiwe kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku tu, jua likishamaliza kazi yake. Ikiwa sola imefikisha nyuzi 50, koili inajaziza 10 zilizobaki kwa uniti 1.75 hivi badala ya 7.3. Wanaooga alfajiri wasiogope: tangi ambalo povu lake la kuhifadhi joto ni zima hupoteza nyuzi chache tu usiku kucha. Miezi ya kiangazi zima swichi kabisa, mradi sola yenyewe inafika 60. Maji yanayoshinda vuguvugu kwa siku nyingi hukaribisha bakteria wa Legionella, ndiyo maana themostati haiwekwi chini ya hapo. Ukiipandisha hadi 75, chokaa huganda kwenye koili na mtoto anaweza kuungua kabla hujageuka.

Usinunue taima yoyote tu. Koili ya kilowati 3 huvuta ampia 12.5 kwenye volti 240, na taima ya kuchomeka ya ampia 10 itayeyuka. Tafuta ya ampia 16 au zaidi, au mwambie fundi umeme aweke taima ndogo inayowasha kontakta, yaani swichi nzito inayobeba umeme wa koili, ya ampia 20.

Kabla ya kutumia pesa, pima. Zima koili kwa siku tatu za jua, kisha saa 11 jioni kinga maji ya moto kwenye kikombe na uweke kipimajoto. Yakipita nyuzi 50, sola ni nzima na mlaji alikuwa koili. Yakiwa vuguvugu, kuna tatizo jingine.

La kwanza kukagua ni koki za kuchanganya moto na baridi. Kama baridi inatoka kwenye pampu na moto unashuka wenyewe kutoka tangi la sola, baridi yenye msukumo hupenya kwenye koki na kurudi hadi tangini. Dalili ni maji kumwagika kwenye bomba la hewa juu ya paa wakati mtu anaoga. Lisha pande zote mbili kutoka tangi moja la juu, au funga valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la moto.

Kisha panda juu saa 3 usiku na uguse bomba linalotoka juu ya paneli kwenda tangini. Likiwa moto, mzunguko umegeuka: tangi linapoza maji yake kwa kuyashusha kwenye paneli. Hutokea pale tangi lililotenganishwa na paneli limewekwa chini mno. Kitako chake kinapaswa kuwa sentimita 30 hivi juu ya ukingo wa juu wa paneli.

Urefu wa bomba nao una bei yake. Mita 15 za bomba la plastiki la PPR la milimita 25 hubeba zaidi ya lita 3, na kila anayeoga humwaga baridi hiyo kwanza, kisha huacha moto mwingine upoe humo humo.

Kama sola yako ni ya mirija ya kioo badala ya paneli bapa, ina alama yake: chini ya kila mrija kuna doa la rangi ya fedha. Likigeuka jeupe, ombwe, ile nafasi isiyo na hewa ndani ya mrija, limeingia hewa na mrija huo haufai tena. Mgao wa maji nao una hatari zake mbili. Koili ikiwaka kwenye tangi tupu inaungua, na mirija iliyokauka juani inaweza kupita nyuzi 200, kwa hiyo maji yakirudi saa 7 mchana inapasuka. Zuia maji kwa valvu ya kuingizia na ujaze alfajiri au usiku.

Kwa wenye maji ya kisima yenye chumvi, wa pwani au Kitengela, dai tangi lenye fimbo ya magnesiamu inayoliwa badala ya chuma. Ifungue kila mwaka. Ikibaki waya mtupu, weka mpya kabla tangi halijaanza kuvuja.