Kwa nini mtoto mwenye kipandikizi cha usikivu akusikie sebuleni, asikusikie harusini?

Sebuleni kumetulia. Mama anasema, "Niletee kikombe," mtoto anakwenda jikoni na kurudi nacho. Jioni wako harusini, spika zinanguruma. Anaitwa mara tatu, hageuki. Shangazi anaguna: "Huyu anajifanya."

Hajifanyi. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze kupandikiza vifaa hivi sikioni kwa upasuaji mwaka 2017, watu wengi wanadhani kipandikizi humrudishia mtoto sikio lake. Sivyo. Ndani ya koklea, kile kijikonokono cha sikio, mtu mwenye usikivu mzima ana seli zipatazo 3,500 zinazopeleka sauti kwenye mshipa wa fahamu. Kipandikizi kinashika kazi yote hiyo kwa elektrodi, yaani vincha vidogo vya kupitishia umeme, 12 hadi 22, kutegemea aina. Tena umeme wake husambaa kwenye majimaji ya koklea, elektrodi jirani zikachujiana kama kanga mpya iliyolowekwa pamoja na shati jeupe.

Penye utulivu, hicho kidogo kinatosha. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwasikilizisha watu wenye masikio mazima sauti iliyopunguzwa hadi mikanda minne tu, kuanzia ya sauti nzito hadi nyembamba. Baada ya mazoezi, maneno waliyatambua vizuri.

Kelele ndiyo inayoharibu. Sisi hufuata sauti ya mtu mmoja kwa wembamba au uzito wake, na muziki ukishuka kidogo tunadaka neno. Kipandikizi hupitisha umbo la sauti, lakini uzito na wembamba huo kwa sehemu kubwa hupotea. Basi sauti ya mama na ya MC zinafika zimekorogwa.

Halafu kuna umri. Mtu mzima akisikia "funga ...ngo, mbu wanaingia," anajijazia "mlango" bila hata kujua kwamba amekisia. Mtoto wa miaka mitatu aliyewashiwa kifaa mwaka jana ana mwaka mmoja tu wa kusikia; atajaza kwa maneno gani? Hata watoto wenye masikio mazima huzidiwa na kelele kuliko watu wazima.

Vipandikizi viwili, kila sikio na chake, husaidia. Kusogea karibu husaidia pia, na ni bure: penye uwazi, ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inaongezeka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Darasani mwalimu anaweza kuvaa maikrofoni ndogo inayotuma sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto. Ila mvua ikianza kupiga bati, mwalimu atulie tu ipite. Hapo hata sisi hatusikii.