Utafutaji wa Faragha wa Faili Kwenye Kompyuta: Maana Yake na Namna ya Kuuandaa

Utafutaji wa faragha wa faili ni kazi ya kutafuta maneno yaliyomo ndani ya hati, barua pepe na faili nyingine zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya mtu, kwa kutumia programu inayofanya kila kitu ndani ya kompyuta hiyohiyo, bila kupeleka popote yaliyoandikwa katika hati wala maneno ambayo mtafutaji ameyaandika katika kisanduku cha kutafutia. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hutafutwa maneno yaliyomo ndani ya faili, wala si jina lake pekee. Ni nadra mtu kukumbuka jina alilolipa faili miaka mitatu iliyopita, lakini hukumbuka kwamba mkataba fulani ulitaja dhamana, au kwamba katika ripoti moja mlikuwa na jina la dawa ambayo sasa anaihitaji.

Ili kuielewa dhana hii, ni lazima kwanza kuielewa faharasa. Kama kompyuta ingelazimika kufungua kila faili na kuisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho kila tunapouliza swali, jibu lingechelewa mno. Kwa hiyo programu huifanya kazi hiyo ya kusoma mapema: huifungua kila faili, hutoa maandishi yaliyomo, huyakata maandishi hayo kuwa neno mojamoja, kisha huandika kando ya kila neno orodha ya faili ambamo neno hilo limetokea na mahali lilipotokea. Matokeo yake yanafanana na faharasa iliyo kwenye kurasa za mwisho za kitabu, isipokuwa hii haichagui maneno muhimu tu, bali hujaribu kuyachukua yote. Lucene, maktaba ya programu (yaani mkusanyiko wa msimbo ambao programu nyingine hujengwa juu yake) iliyoandikwa na Doug Cutting mwishoni mwa miaka ya 1990, hufanya kazi kwa msingi huu, na ndiyo iliyo chini ya programu ya utafutaji iitwayo DocFetcher. Programu nyingine, Recoll, imejengwa juu ya maktaba iitwayo Xapian. Zote mbili ziko katika kundi tunalolizungumzia. Programu ya Everything, inayosifiwa kwa kasi yake kwenye Windows, ni ya namna nyingine, kwa kuwa kazi yake ya kawaida ni kuorodhesha majina ya faili na folda kwa kusoma jedwali kuu la faili la NTFS, mfumo ambao Windows huutumia kupanga faili kwenye diski. Ni chombo kizuri, lakini haijibu swali la nini kimeandikwa ndani ya hati mpaka mtumiaji aiombe hivyo.

Kutokana na maelezo hayo linafuata jambo ambalo, kwa maoni yangu, watumiaji wengi hawaambiwi ipasavyo: faharasa ni nakala ya pili ya hati zako. Kwa kuwa imeandika kila neno na nafasi yake, mtu aliyeipata anaweza kujua hati zako zinazungumzia nini hata kama haoni hati zenyewe. Zaidi ya hayo, baadhi ya programu huhifadhi maandishi yenyewe ndani ya faharasa ili ziweze kuonyesha sentensi lilimotokea neno lililotafutwa. Kwa hiyo faragha ya utafutaji ina pande mbili. Upande wa kwanza unauliza kama kuna kitu kinachotoka nje ya kompyuta, na upande wa pili unauliza ni nani anayeweza kuisoma faharasa iliyobaki ndani.

Upande wa kwanza una historia inayofundisha. Mnamo Oktoba 2004 Google ilitoa programu ya Google Desktop, ambayo mwanzoni ilitunza faharasa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Toleo la tatu, lililotoka Februari 2006, liliongeza uwezo wa hiari wa kutafuta faili za kompyuta moja ukiwa kwenye nyingine, na ili kuwezesha hilo, maandishi ya hati yalinakiliwa kwenye seva za Google. Shirika la Electronic Frontier Foundation, linalotetea haki za watu katika ulimwengu wa kidijitali, liliwaonya watu wasiutumie uwezo huo. Google Desktop ilisitishwa mwaka 2011. Kisa cha pili ni cha mfumo wa kompyuta wa Ubuntu, toleo la 12.10 lililotoka Oktoba 2012, ambamo maneno yaliyoandikwa katika kisanduku cha kutafutia cha mfumo yalipelekwa kwenye seva za Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ili bidhaa za Amazon zionyeshwe pamoja na faili za mtumiaji. Katika toleo la 16.04 mpango huo ulikuja kuzimwa, usifanye kazi mpaka mtumiaji mwenyewe auwashe. Visa hivi viwili havifanani, na tofauti yake ina uzito. Katika kile cha kwanza kilichotoka ni yaliyomo katika hati, ilhali katika cha pili kilichotoka ni swali. Swali nalo ni siri, kwa maana mtu anayetafuta jina la ugonjwa au jina la wakili katika faili zake mwenyewe amekwisha kusema mengi.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuandaa utafutaji wa aina hii aanze kwa kuchagua programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, inayotunza faharasa yake kwenye diski ya mtumiaji, kisha aingie kwenye mipangilio ya mfumo wa kompyuta wenyewe na kuzima matokeo ya intaneti katika kisanduku cha kutafutia cha mfumo, ikiwa yapo. Wapo wanaojaribu programu kwa kukata mtandao na kuona kama bado inaleta majibu. Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba programu haihitaji mtandao, wala halithibitishi kwamba haitumii mtandao unapokuwepo. Uthibitisho ulio bora zaidi ni kuizuia programu hiyo kwa ukuta wa moto (programu inayodhibiti kinachoingia na kutoka mtandaoni) na kutazama kama inajaribu kutoka.

Baada ya kusakinisha, hatua yenye uzito kuliko zote ni kuamua ni folda zipi ziingizwe. Si busara kuiachia programu diski nzima. Folda za mfumo, za programu na za faili za muda hujaza matokeo kwa maneno yasiyo na maana, na huongeza muda wa kuorodhesha, ambao kwa mara ya kwanza unaweza kuchukua saa nyingi ikiwa hati ni nyingi. Chagua folda ya hati, folda ya barua pepe kama zimehifadhiwa kwenye kompyuta, na folda za kazi. Baada ya hapo taja zile zisizotakiwa kuguswa, hasa yenye faili za nywila na yenye hati za mtu mwingine ulizokabidhiwa. Faili za PDF zilizotokana na skana mara nyingi ni picha tupu, na zikiwa hivyo hazitaonekana katika matokeo mpaka zipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi, kama vile Tesseract.

Sasa tuugeukie upande wa pili, ambao huachwa nyuma. Mtu anaweza kuweka hati zake katika hifadhi iliyosimbwa (yaani iliyogeuzwa isisomeke bila nywila) kwa programu ya VeraCrypt, akaifungua asubuhi kwa nywila ndefu, akaiambia programu ya utafutaji iorodheshe hati hizo, kisha jioni akaifunga hifadhi na kuamini kwamba amemaliza. Hati zimefungwa kweli, lakini faharasa yake imebaki nje, katika folda ya kawaida ya mtumiaji, ikiwa na maneno yote. Kanuni ya kushika ni kwamba faharasa ikae mahali penye ulinzi uleule ulio na hati zenyewe. Njia rahisi ni kuisimba diski nzima kwa BitLocker ya Windows, FileVault ya Mac au LUKS ya Linux, maana hapo kila kitu kimo ndani ya ulinzi mmoja. Asiyeweza kufanya hivyo atumie programu inayoruhusu kuhamisha folda ya faharasa, kama Recoll inavyoruhusu, na aiweke ndani ya hifadhi ileile iliyosimbwa. Nakala rudufu nazo zikumbukwe: ikiwa folda yako ya mtumiaji hunakiliwa kila usiku kwenye hifadhi ya mtandaoni, faharasa itasafiri nayo usipoiondoa katika orodha, na ile kazi yote ya kuitunza ndani itakuwa bure.

Katika kutumia, msomaji wa Kiswahili hukutana na tatizo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine hailitaji. Programu hizi huwa na uwezo wa kulirudisha neno kwenye shina lake, ili anayetafuta umoja apate pia wingi, lakini kanuni zinazotumika kwa Kiingereza hukata mwisho wa neno. Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni: "alilipa", "hatukulipa", "yamelipwa" na "malipo" yote yametokana na shina moja, na faharasa huyaona kuwa maneno manne yasiyohusiana. Dawa ni alama ya nyota, kwa programu zinazoikubali pande zote mbili, yaani kuandika *lip* ili kupata kila neno lenye herufi hizo katikati. Nyota ya mwanzoni hupunguza kasi, kwa sababu maneno ya faharasa yamepangwa kwa herufi za kwanza na programu hulazimika kuyapitia yote, lakini kwa mkusanyiko wa hati za mtu mmoja subira hiyo inavumilika. Ritifaa, yaani alama ya ', nayo ina shida yake. Neno "ng'ombe" lililoandikwa kwa ritifaa iliyonyooka huenda lisilingane na lililoandikwa kwa ritifaa iliyopinda, na baadhi ya programu hulikata mahali pa ritifaa na kulifanya vipande viwili, kwa hiyo ni vyema kujaribu namna zote kabla ya kuamini kwamba hati haipo. Unapolikumbuka fungu zima la maneno, lifunge kwa alama za kunukuu, na programu itatafuta maneno hayo yakiwa yamefuatana.

Faharasa huhitaji kusasishwa, ama papo hapo kila faili inapobadilika, ama kwa ratiba, kwa mfano mara moja kwa siku. Namna ya pili huipumzisha kompyuta, lakini huacha pengo: faili uliyoifuta mchana bado inasomeka katika faharasa mpaka usiku. Unapofuta hati nyeti, endesha usasishaji palepale, kisha tafuta neno adimu ambalo lilikuwa katika hati hiyo pekee. Likiendelea kuonekana, futa faharasa yote na uiandae upya tangu mwanzo.