"Ni vumbi tu": maswali na majibu kuhusu hewa chafu, kikohozi na maambukizi

Wagonjwa wengi wa kifua ninaowapokea huja wakiwa wamechelewa, na sababu wanayoitoa haibadiliki sana: "Nilidhani ni vumbi," "Ni moshi wa jikoni," "Ni sigara tu hizi." Haya ndiyo maswali wanayoniuliza, na majibu ninayotamani wangeyapata mapema.

Hewa chafu ni nini?

Ni hewa iliyobeba gesi na chembe zinazodhuru mwili. Hutokana na moshi wa kuni, mkaa, mafuta ya taa, takataka zinazochomwa, magari, viwanda, na vumbi la ardhini. Chembe zinazotusumbua zaidi huitwa PM2.5, yaani zile zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au pungufu, ndogo mara thelathini hivi kuliko unene wa unywele. Pua haizinasi. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya kuingia kwenye damu. Ndiyo maana hewa chafu husababisha pia kiharusi na magonjwa ya moyo.

Na maambukizi ya njia ya hewa?

Ni magonjwa yanayoletwa na virusi au bakteria tunaowavuta kwa pumzi: mafua, UVIKO-19, surua, kifaduro, nimonia, kifua kikuu (TB).

Moshi unahusianaje na vijidudu? Si vitu viwili tofauti?

Ni vitu viwili, lakini kimoja humfungulia mwenzake mlango. Njia zetu za hewa zimetandazwa ute unaonasa uchafu, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo vinavyousukuma juu ili tuuteme au tuumeze. Ndani zaidi ziko seli za ulinzi zinazomeza vijidudu. Moshi huvilemaza vile vinyweleo, huvimbisha njia za hewa, na seli za ulinzi zikishajaa masizi hushindwa kuua vijidudu inavyopasa.

Matokeo yake yanajulikana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mtoto anayekua katika nyumba yenye moshi wa kupikia yuko katika hatari ya kupata nimonia karibu mara mbili zaidi ya mwenzake. Mvutaji wa sigara naye hupata TB kwa urahisi kuliko asiyevuta. Na wanaovuta vumbi la mawe kazini, wachimbaji na wapasuaji mawe, mapafu yao yakishaharibiwa na silika, madini yaliyomo kwenye vumbi hilo, huwa miongoni mwa watu walio katika hatari kubwa kabisa ya kuugua TB.

Basi kama naishi au nafanya kazi kwenye moshi na vumbi, kikohozi changu ni cha moshi na vumbi?

Hapana. Huwezi kulijua hilo kwa kukisia, na mimi pia siwezi kulijua kwa kukutazama.

Someni tena jibu lililotangulia. Mtu anayevuta moshi kila siku ndiye anayeambukizwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo maneno "ni vumbi tu" yanamaanisha kinyume cha yale mgonjwa anayodhani: yeye anayatoa kama sababu ya kukaa nyumbani, wakati ni sababu ya kuja haraka kuliko jirani yake. Ukiniambia umepasua mawe miaka mingi na unakohoa, sitatulia. Nitataka makohozi yako yapimwe siku hiyo hiyo.

Nisubiri kwa muda gani?

Wiki mbili ndizo mwisho. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinahitaji kipimo cha TB, uwe unapika kwa kuni au la, uwe unavuta sigara au la. Na siku zinahesabiwa tangu ulipoanza kukohoa. Wengi huhesabu tangu chupa ya dawa ya kikohozi ilipoisha, kisha wananunua chupa nyingine na kuanza hesabu upya. Kwa mtindo huo miezi mitatu inapita.

Usifikishe hata hizo wiki mbili kama unakohoa damu, unapumua kwa shida, una homa isiyoshuka, unatokwa jasho jingi usiku au unapungua uzito bila sababu. Anayeishi na VVU asisubiri kabisa: kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumleta.

Lakini mimi sijakonda, wala sitemi damu.

Sikuuliza kama umekonda. Damu na kukonda mara nyingi ni dalili za ugonjwa uliokwisha kukomaa. Anayezisubiri anasubiri mapafu yaharibike kwanza. Na katika kusubiri huko hayuko peke yake: mtu mwenye TB ya mapafu asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 wa karibu yake kwa mwaka mmoja. Watu wa karibu ni akina nani? Ni wale anaolala nao chumba kimoja.

Nilikunywa antibayotiki nikapata nafuu. Si ina maana kimepona?

La. Kikohozi cha TB hupanda na kushuka chenyewe, na baadhi ya antibayotiki hukipunguza makali kwa muda bila kuitibu TB. Mgonjwa anafurahi, ugonjwa unaendelea, na vijidudu vinapata nafasi ya kuzoea dawa. Naomba, kwa heshima zote, tuache kugawana vidonge vilivyobaki na kununua dawa kwa kutaja rangi ya kapsuli.

Mtoto wangu anakohoa na kupumua haraka. Jirani ananiambia ni moshi, nimtoe nje atapoa.

Mtoe nje ya moshi, ndiyo, halafu endelea na safari hadi kituo cha afya. Kwa mtoto mdogo hatuhesabu wiki. Tunahesabu pumzi.

Subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo uone kifua na tumbo. Shika saa, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka mno. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukipata hesabu hiyo kwa mtoto anayekohoa, mpeleke leo, kwa maana anaweza kuwa na nimonia.

Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea na kuwa mgumu kuamka, au midomo ikibadilika rangi, ondoka sasa hivi. Usingoje kupambazuke, wala baba yake arudi ndipo aamue. Nimonia humchukua mtoto kwa saa chache, na ikiwahiwa, mara nyingi dawa ya kawaida ya amoksisilini inamponya. Watoto tunaowapoteza kwa ugonjwa huu aghalabu ni wale waliocheleweshwa na mtu mzima aliyesema "ni moshi tu, itapita".

Kumfukiza kwa mvuke wa maji ya moto hakutibu nimonia. Watoto wanaungua.

Nitapimaje hatari nyumbani kwangu bila kifaa?

Anza na moshi. Unatoka wapi, unakaa ndani saa ngapi, na nani anauvuta? Moto mdogo unaowaka kutwa ndani ya chumba kisicho na pa kutolea moshi unaweza kudhuru kuliko moto mkubwa wa nje unaozimwa baada ya nusu saa. Angalia dari na kuta: masizi meusi yanaonyesha kile ambacho mapafu ya wakazi yamekuwa yakikipokea. Kisha angalia nani yuko karibu na moto. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni wakati wa kupika anavuta moshi ule ule wa mama yake kwa mapafu madogo zaidi yanayopumua haraka zaidi.

Halafu vijidudu. Wanaolala chumba kimoja ni wangapi, madirisha yanafunguka au yamezibwa, na kuna anayekohoa? TB hupenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi kwa saa nyingi. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani.

Wenye vifaa vya kupima wajue kwamba mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataka PM2.5 isizidi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa siku. Lakini hewa kuonekana safi kwa macho si ushahidi. Na inapochafuka kupita kiasi haihitaji miaka kuua: Desemba 1952 ukungu wa moshi wa makaa ya mawe ulifunika London kwa siku tano, na maelfu ya watu wakafa, wengi wao kwa mkamba, nimonia na magonjwa ya moyo.

Nikifungua madirisha moshi wa nje unaingia. Nikifunga, mgonjwa anatuambukiza. Nifanyeje?

Swali zuri, na watu huliuliza kwa uchungu. Moshi wa nje mara nyingi una saa zake: asubuhi na jioni magari yanapojaa au watu wanapochoma taka. Funga kwa saa hizo tu, kisha fungua pande mbili zinazoelekeana ili hewa ipite. Kama ndani kuna anayekohoa na bado hajapimwa, kufungua ndiko kunakotangulia. Alale peke yake ikiwezekana, azibe mdomo anapokohoa, avae barakoa akiwa na wenzake. Jua nalo liingie, kwa kuwa linaua bakteria wa TB.

Ila yote haya ni ya kuwalinda wengine wakati mgonjwa anapelekwa kupimwa. Nimeona familia zinazofungua madirisha kwa bidii mwezi mzima huku anayekohoa hajapimwa.

Barakoa ya kitambaa inazuia moshi?

Chembe za PM2.5 huzizuia kidogo sana. Zinazofaa ni barakoa za aina ya N95, zikibana vizuri usoni.

Naweza kuweka mkaa unaowaka chumbani ili nipate joto usiku?

Usithubutu. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Chanjo zinasaidia?

Sana. Chanjo za nimokokasi na Hib (bakteria wawili wanaoleta nimonia), surua na kifaduro humkinga mtoto dhidi ya nimonia nyingi. BCG, chanjo ya TB, huwakinga watoto wadogo na TB kali, lakini haimpi mtu mzima ruhusa ya kupuuza kikohozi.

Nikifika kituoni niseme nini?

Usiseme "nina kikohozi kidogo". Taja siku. Eleza moshi au vumbi unalovuta, dawa ulizokwisha kunywa, na kama nyumbani au kazini kuna mtu aliyewahi kuugua TB au anayekohoa. Kisha uliza waziwazi: "Makohozi yangu yatapimwa lini?" Ukipewa dawa ya maji bila kipimo na kikohozi kimeshapita wiki mbili, uliza tena.

Makohozi yatoke kifuani kwa kukohoa hasa, na uyatoe mahali penye hewa, mbali na watu, mate hayafai. Kipimo cha GeneXpert kikiwepo, mashine hutoa jibu kwa takriban saa mbili, na huonyesha kama bakteria wamekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Ikiwa ni TB ya kawaida, matibabu kwa kawaida ni miezi 6, na hayakatizwi hata ukijisikia mzima. Wote unaoishi nao waje kuchunguzwa, na watoto wa chini ya miaka 5 wasioonekana kuugua wapewe dawa ya kinga.