Je, wajua kwa nini gari "namba E" linaweza kuwa kuukuu kuliko "namba B"?

Mtanzania akitaka kujua umri wa gari huuliza kwanza, "Ni namba gani?" Anataka herufi ya kwanza kati ya zile tatu za kibao, zinazokwenda kwa mpangilio wa A, B, C kadiri magari yanavyosajiliwa. Ukimjibu D au E anasogea kulitazama. Ukimjibu B anaanza kushusha bei kabla hata hujafungua boneti. Lakini herufi ile inakwambia jambo moja tu: gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Lilitoka kiwandani lini, hiyo ni habari nyingine.

Chukua Toyota IST ya umbo la kwanza, ile iliyojaa kila mtaa wa Dar es Salaam. Ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, kisha likaja umbo jipya. Kwa hiyo hata ikishushwa bandarini leo na kupewa namba inayong'aa, haiwezi kuwa ya baada ya 2007. Kipya hapo ni kibao.

Kenya hutaikuta hali hiyo, kwani gari lililotumika haliingizwi likishazidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda nayo ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15. Tanzania mlango uko wazi, ila uzee unaulipia. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, huhesabu umri tangu mwaka wa kutengenezwa: gari dogo la miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi miaka 10, asilimia 30.

Tupige hesabu. Gari likithaminishwa shilingi milioni 6 mpaka bandarini, ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha milioni 7.5. Uchakavu wa asilimia 30 unakokotolewa juu ya hiyo: milioni 2.25. Kisha VAT ya asilimia 18 inaukalia na uchakavu wenyewe, laki nne na elfu tano nyingine. Zaidi ya milioni 2.6, kwa sababu ya umri tu! Lingekuwa na miaka 9, ungelipa nusu ya hiyo.

Sasa mbona makuukuu bado yanamiminika? Moja, Japani kwenyewe yanasukumwa nje. Gari jipya hukaguliwa likifika miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. La petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda. Mwenyewe anaona bora aliuze, hata kwa bei ya kutupa. Pili, kwetu ukishavuka miaka 10 asilimia haipandi tena. La miaka 12 na la miaka 20 yote ni 30, basi mtu anaona heri achukue la bei ya chini kabisa.

Kwa anayeagiza mwenyewe, mimi ningelenga miaka 8 hadi 10. Chini ya hapo uchakavu hakuna, lakini bei ya gari lenyewe mara nyingi inameza ulichookoa. Juu ya hapo, usidanganyike na kilomita chache kwenye dashibodi. Bushi, sili na mipira ya maji huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu.

Ukinunua mkononi mwa mtu, soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari, halafu vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mara nyingi chini kabisa pana lebo yenye tarehe ulipotengenezwa. Tairi nazo zina tarakimu nne: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019, ingawa tairi hubadilishwa. Mikanda hubadilishwa kwa nadra. Muuzaji akisema gari ni la 2012 na mikanda yote inasema 2005, mwombe kadi tena uisome taratibu.