Gari la ofisi na mafuta yake: kodi inakata wapi?

Mtu akikabidhiwa gari la kampuni, mwezi unaofuata ananipigia simu: "Mbona nilichopokea kimepungua na mshahara haujaguswa?" Namwambia afungue slipu ya mshahara ashuke taratibu hadi kwenye mstari wa faida ya gari. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, gari la mwajiri unaloruhusiwa kulitumia kwa mambo yako, hata kidogo, ni sehemu ya mapato yako ya ajira. Haijalishi kadi ya gari imeandikwa jina la nani. Kama linalala kwako na Jumapili linakupeleka kanisani au harusini, limo. Likiachwa ofisini jioni na funguo zikarudishwa kwa mlinzi, halimo.

Watu huhamaki sana kuhusu mstari huo. Mimi, baada ya kupitia mafaili mengi ya mishahara, nasema fedha inayopotea kwenye gari ni ndogo. Inayopotea kwenye mafuta ndiyo kubwa, na wengi hawaioni kwa sababu imejificha ndani ya neno zuri: posho.

Tumalize la gari kwanza. Jedwali la Tano la sheria hiyo linaangalia vitu viwili tu, ukubwa wa injini na umri wa gari. Bei haimo, kilomita hazimo. Kwa gari ambalo halijafikisha miaka mitano, injini isiyozidi cc 1,000 inahesabiwa Sh250,000 kwa mwaka. Zaidi ya hapo hadi cc 2,000 ni Sh500,000. Hadi cc 3,000 ni Sh1,000,000. Na inayovuka cc 3,000 ni Sh1,500,000. Gari likishapita miaka mitano, kila kiwango kinakatwa nusu.

Naomba tuelewane hapa, maana ndipo kelele huanzia. Hizo si kodi. Ni thamani inayoongezwa kwenye mapato yako, kisha kodi inatozwa juu ya jumla. Chukua Prado ya petroli yenye injini ya cc 2,694, bado mpya. Milioni moja ukigawa kwa miezi kumi na mbili unapata Sh83,333 kwa mwezi. Kama mshahara wako unaotozwa kodi umeshapita milioni moja kwa mwezi, uko kwenye ngazi ya juu ya PAYE (kodi anayokata mwajiri kwenye mshahara), asilimia 30. Kwa hiyo Prado nzima, pamoja na ufahari wake wote getini, inakugharimu Sh25,000 kwa mwezi. Kuna watu wanalipa zaidi ya hapo kuosha gari.

Na ukiangalia tunavyonunua magari nchini, jedwali hili limekaa vizuri kwa upande wetu. Kampuni nyingi ndogo hazinunui gari jipya. Zinaagiza lililotumika kutoka Japani, na mara nyingi linashuka bandarini likiwa limeshapita miaka mitano. Linaingia kwenye nusu tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana namwambia mhasibu asijaze kwa kukisia: kadi ya gari ina mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, achukue humo. Nimekuta Prado ya dizeli ya lita tatu imewekwa kwenye kundi la juu kabisa kwa sababu mtu alidhani "lita tatu ni cc 3,000 na kitu". Injini ile ni cc 2,982. Imepona kwa cc 18, na dereva alikuwa akikatwa kodi ya mzee wa V8, gari la injini kubwa.

Jirani zetu Kenya wana utaratibu mwingine kabisa. Wao huchukua asilimia 2 ya bei ya awali ya gari kwa kila mwezi, wakalinganisha na kiwango kilichowekwa na kamishna wa kodi, na kikubwa ndicho kinachotumika. Gari lililonunuliwa kwa shilingi za Kenya milioni nne linaongeza 80,000 kwenye mapato ya mfanyakazi kila mwezi. Aliye kwenye ngazi ya asilimia 30 anakatwa 24,000 za Kenya. Na kwa kuwa wanarudi kwenye bei ya awali, gari kuchakaa hakumpunguzii mtu kitu. Anayehamishwa kutoka Dar kwenda Nairobi na gari la aina ileile ajiandae kisaikolojia.

Kuna msamaha mmoja ambao wakurugenzi huusikia nusu nusu: kama mwajiri hadai punguzo lolote la kodi kwa umiliki, matengenezo na uendeshaji wa gari hilo, faida ya gari haihesabiwi kwa mfanyakazi. Kwa taasisi isiyolipa kodi ya kampuni hilo halina uchungu, haina kodi ya kupunguza. Kwa kampuni ya biashara ni kichekesho. Tuseme gari linakula milioni 30 kwa mwaka kwa mafuta, bima, matairi na gereji. Ukiacha kudai gharama hizo, kodi ya kampuni ya asilimia 30 inapanda kwa milioni tisa, ili umwokolee meneja wako wa Prado Sh300,000 kwa mwaka. Mpe hizo laki tatu, umkatie kodi yake, na bado utakuwa umebakiwa na fedha nyingi.

Sasa mafuta.

Kampuni ina njia tatu za kumpatia mfanyakazi mafuta, na lita zikiwa zilezile, kodi haiwi ileile. Njia ya kwanza, inayopendwa kwa sababu ni nyepesi kwa mhasibu, ni posho ya mafuta: Sh400,000 inaingia na mshahara kila mwisho wa mwezi, hakuna anayeuliza risiti. Hiyo ni mshahara kwa jina jingine. Kwenye ngazi ya asilimia 30 inakatwa Sh120,000, mkononi zinabaki Sh280,000. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, kampuni imetoa fedha ya lita 133, wewe umefika sheli na fedha ya lita 93. Ili zikufikie Sh400,000 kamili, mwajiri anapaswa kuandika Sh571,429. Wachache wako tayari.

Njia ya pili ni kadi ya mafuta au akaunti ya kampuni kituoni. Gari la kampuni linajazwa, bili inakwenda kwa kampuni, fedha haipiti mfukoni mwako. Kwa safari za kazi hiyo ni gharama ya biashara, haina sababu ya kuonekana kwenye slipu yako.

Ya tatu ni kurejeshewa. Sheria inatoa nje ya mapato ya ajira posho ya safari ambayo ni marejesho tu ya fedha uliyotumia, yote na kwa ajili ya kazi peke yake. Ni hilo "tu" ndilo linalobeba uzito. Umetoka Dar kwenda Dodoma kikazi na kurudi, kama kilomita 900. Gari linakwenda kilomita kumi kwa lita. Umetumia lita 90, risiti zipo, ukalipwa thamani ya lita 90. Hakuna kodi. Ukilipwa laki nne "za mafuta ya Dodoma" bila hesabu na bila risiti, umerudi kwenye njia ya kwanza, hata fomu iwe na mihuri mitatu.

Posho ya kiwango kimoja ina ubaya mwingine. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na posho yako haisikilizi matangazo hayo. Agosti 2023 petroli Dar es Salaam iliruka kutoka Sh2,736 hadi Sh3,199 kwa lita kwa mkupuo mmoja. Mwenye kadi ya kampuni alisoma habari ile kama habari. Mwenye posho aliisoma kama barua ya kupunguziwa mshahara.

Ndani ya bei hiyo kuna kodi nyingine ambazo hutazirudisha kwa namna yoyote. Mafuta ya petroli na dizeli hapa kwetu yamesamehewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kampuni "inadai VAT ya mafuta". Hakuna ya kudai. Kilichomo ni ushuru wa bidhaa na tozo. Mnakumbuka ile ada ya mwaka ya leseni ya gari? Ilifutwa mwaka 2017 na badala yake ushuru wa mafuta ukapanda Sh40 kwa lita. Bado tunalipa, ila sasa analipa zaidi anayekimbia zaidi, na kwa maoni yangu ni haki kuliko zamani, ambapo gari lililolala juu ya mawe lilidaiwa sawa na la mchuuzi.

Wanaotumia gari lao binafsi kwa kazi ya mwajiri huniuliza kiwango rasmi cha shilingi kwa kilomita. Sheria yetu haijaweka kiwango hicho. Kampuni inaweza kujiwekea chake, lakini lazima iweze kuonyesha kimetoka wapi: ulaji wa mafuta, bei ya mwezi huo, uchakavu. Bila kitabu cha safari kinachosema tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kilomita za mwanzo na za mwisho, na ulikwenda kufanya nini, hayo yatasomwa kama posho. "Safari za mjini, km 1,140" si maelezo. Mkaguzi wa TRA, Mamlaka ya Mapato, ataikata kwa kalamu moja.

Na risiti. Pampu zimeunganishwa na mashine ya kielektroniki ili itoke yenyewe, ikiwa na lita, bei na namba ya pampu, lakini madereva wengi huondoka nayo ikining'inia pale. Subiri uichukue. Taja TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni kabla hujajaziwa, maana baada ya hapo kijana wa pampu ameshahamia gari jingine. Karatasi yake ni ile inayofifia kwa joto. Ukiiacha juu ya dashibodi wiki mbili unabaki na karatasi nyeupe, na kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka mitano. Ipige picha palepale sheli, uitume kwa mhasibu kabla hujawasha gari.